Dennis Brain: Gwiji wa baragumu aliyempiga Mozart kwa mpira wa bustani

Na Mwandishi Wetu

USIKU wa Novemba 13, 1956, wapenzi wa muziki waliofurika katika ukumbi wa Royal Festival Hall, kando ya Mto Thames jijini London, walishuhudia jambo ambalo halijawahi kuonekana katika ukumbi huo wa heshima. Mwanamuziki aliyehesabiwa na wengi kuwa mpiga baragumu hodari kuliko wote waliokuwa hai wakati huo alijitokeza jukwaani akiwa na mpira wa kumwagilia maji bustani. Akaupuliza mpira huo mbele ya okestra, akapiga sehemu ya tatu ya koncheto ya Leopold Mozart, baba mzazi wa Wolfgang Amadeus Mozart.

Kabla ya kutumika, mpira huo ulipunguzwa urefu kwa mkasi mkubwa wa kukatia majani ya bustani, hadi sauti yake ilipolingana na ile ya vinanda vya nyuzi vilivyokuwa vikimsindikiza mpigaji. Watu walivunjika mbavu kwa kicheko. Lakini walipotulia na kusikiliza, waligundua kwamba kilichokuwa kikitoka katika kipande kile cha mpira kilikuwa muziki kamili, wenye mapigo yake na utamu wake.

Mwanamuziki huyo alikuwa Dennis Brain, ambaye jina la ukoo wake kwa Kiingereza lina maana ya ubongo. Alikuwa na umri wa miaka 35. Haikutimia miezi kumi tangu usiku ule kabla hajafariki dunia.

Wapo wanaoukumbuka mpira wa bustani kama kituko cha usiku mmoja, mapumziko ya mtu mzito aliyechoka na kazi zake nzito. Mwandishi wa makala haya ana mtazamo tofauti. Ukiyafuatilia maisha mafupi ya Brain tangu utotoni, utaona kwamba mzaha ule na kazi zilizomjengea jina vilichotwa katika kisima kimoja, na kwamba hakuna mpigaji mwingine wa zama zake ambaye angeweza kuufanya vizuri namna ile.

Mtoto wa ukoo wa baragumu

Dennis Brain alizaliwa London Mei 17, 1921, katika nyumba ambayo baragumu lilikuwa chakula cha kila siku. Babu yake alikuwa mpiga baragumu. Baba yake mdogo kwa ukoo huo huo wa muziki, au tuseme baba mkubwa kwa kuwa alikuwa kaka wa baba yake, Alfred Brain, alilipiga baragumu London kabla ya kuhamia Los Angeles, Marekani, katika miaka ya 1920. Baba yake mzazi, Aubrey Brain, alikuwa mpiga baragumu mkuu wa okestra ya Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, iliyoanzishwa mwaka 1930. Mama yake, Marion Beeley, alikuwa mwimbaji katika jumba la opera la Covent Garden. Kaka yake, Leonard, aliuasi kidogo ukoo na kuchagua oboi, ala inayofanana na zumari.

Pamoja na hayo yote, kijana Dennis hakuruhusiwa kuligusa baragumu ovyo. Mzee Aubrey aliamini kwamba kijana hafai kujifunza ala hiyo kwa bidii mpaka meno na midomo yake viwe vimekomaa. Kwa hiyo mtoto aliruhusiwa kupuliza sauti chache tu katika baragumu la baba yake, kila Jumamosi asubuhi, basi. Muda uliobaki aliutumia kwenye piano na kinanda kikubwa cha kanisani. Alipotimiza miaka 15 ndipo alipojiunga na chuo cha Royal Academy of Music, akafundishwa baragumu na baba yake mwenyewe, huku akiendelea na kinanda cha kanisani na piano.

Kinanda hicho hakukiacha hata alipokuwa mtu mzima mwenye jina. Mwaka 1954, okestra ya Philharmonia ilipokuwa ikirekodi kipande mashuhuri cha katikati ya opera ya Mascagni iitwayo Cavalleria rusticana, chini ya uongozi wa Herbert von Karajan, aliyeketi kwenye kinanda alikuwa mpiga baragumu wao, Dennis Brain.

Ala inayoogopwa

Kwa msomaji asiyelifahamu vyema, baragumu linalozungumziwa hapa ni bomba la shaba lililozungushwa kama nyoka aliyejikunja, lenye kinywa kidogo upande wa mpigaji na mdomo mpana mithili ya kengele upande wa pili. Mpigaji huuingiza mkono wake wa kulia ndani ya mdomo huo. Bomba hilo likinyooshwa, lile la sauti ya F hukaribia urefu wa meta 3.7.

Sauti haitoki ndani ya shaba. Inatoka katika midomo ya mpigaji inayotetemeka, na bomba kazi yake ni kukubali baadhi ya mitetemo na kuikataa mingine, kulingana na urefu wake. Zile sauti za chini ambazo bomba huzikubali zimeachana mbalimbali. Zile za juu zimesongamana kama abiria ndani ya daladala, kiasi kwamba midomo ikilegea au kukaza kidogo tu kupita kiasi, hutoka sauti ya jirani badala ya ile iliyokusudiwa. Kosa hilo husikika ukumbi mzima. Hii ndiyo sababu wapiga baragumu wengi hupanda jukwaani matumbo yakiwa moto.

Zamani pembe la mnyama lilitosha, na baadaye bomba tupu la shaba lililotumiwa na wawindaji wa Ulaya. Mozart aliandika kwa ajili ya bomba tupu la aina hiyo. Vali, yaani vile vitufe vinavyoongeza urefu wa bomba ili kupata sauti zilizokosekana, zilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 19. Bila vali, mpigaji hana msaada wowote zaidi ya midomo, pumzi, mkono wake na masikio yake.

Msomaji akiyaweka hayo akilini ataelewa kwamba mpira wa bustani, kwa mtazamo wa kanuni za sauti, si kitu kigeni. Ni baragumu la kale lililovuliwa mavazi yake ya shaba. Ukiukata, sauti inapanda. Na ukiukata kupita kiasi hakuna wa kukuungia.

Serenade ya Britten

Brain alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza Oktoba 6, 1938, katika ukumbi wa Queen's Hall, akiwa msaidizi wa baba yake katika koncheto ya kwanza ya Brandenburg ya Bach. Mwaka uliofuata vita ikazuka. Dennis na kaka yake Leonard waliingia katika Bendi Kuu ya Jeshi la Anga la Uingereza, RAF, iliyokuwa na makao yake Uxbridge, nje kidogo ya London. Jeshi lilikuwa limekusanya huko wanamuziki wengi vijana wenye vipaji, na kutokana nao likaundwa kundi lililoweza kupiga simfoni nzima. Mwishoni mwa vita kundi hilo lilizuru Marekani.

Mtunzi Benjamin Britten alimfahamu Brain mwaka 1942, wakati okestra hiyo ya jeshi ilipokuwa ikipiga muziki aliouandika kwa ajili ya vipindi vya redio. Akavutiwa. Matokeo yake yalikuwa Serenade kwa sauti ya tenori, baragumu na nyuzi, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Oktoba 15, 1943, katika ukumbi wa Wigmore Hall, mwimbaji akiwa Peter Pears na baragumu likiwa mikononi mwa Brain, kijana wa miaka 22.

Kazi hiyo huanza na baragumu peke yake, na humalizika vivyo hivyo, safari hii likisikika kutoka nyuma ya jukwaa. Katika sehemu hizo mbili Britten aliagiza mpigaji asiguse vali kabisa. Apulize bomba tupu, na aziache sauti zitoke kama maumbile yanavyozitoa. Sasa, baadhi ya sauti hizo haziko katika piano. Moja iko juu kidogo ya mahali ambapo sikio la kisasa linaitarajia, nyingine iko chini kidogo. Msikilizaji asiyeelezwa hudhani mpigaji amekosea, na wapo wanaodhani hivyo hadi leo.

Ni ujasiri wa aina yake kwa kijana anayejenga jina kukubali kusikika kama amekosea, mbele ya watu, katika onyesho la kwanza la kazi mpya ya mtunzi maarufu. Brain alikubali. Mwaka 1944 alirudia tena kazi hiyo mbele ya vipaza sauti vya kampuni ya Decca, akiwa na Pears, Britten mwenyewe akiongoza, na rekodi hiyo ikawa kipimo ambacho wapigaji waliofuata wamelazimika kujipima nacho.

Hapa ndipo hoja ya makala haya inapojikita. Miaka 13 kabla ya mpira wa bustani, Brain alikuwa tayari amefanya jambo lile lile kwa uzito wote: bomba tupu, midomo na pumzi. Waliolia machozi Wigmore Hall na waliocheka Festival Hall walikuwa wakisikiliza ufundi mmoja.

Okestra mbili na jarida la magari

Vita ilipokwisha, London ilipata okestra mbili mpya kwa mkupuo. Mwaka 1945 Walter Legge, mtayarishaji wa rekodi, aliunda Philharmonia. Mwaka 1946 Sir Thomas Beecham akaunda Royal Philharmonic. Kila mmoja wao alimtaka Brain awe mpiga baragumu wake mkuu, naye kwa miaka kadhaa alizitumikia zote mbili, akikimbia kutoka zoezi moja kwenda jingine, kutoka studio moja hadi nyingine.

Kana kwamba kazi hiyo haikutosha, mwaka 1946 aliunda kundi la ala tano za kupuliza pamoja na kaka yake Leonard. Lilikuwamo pia basuni, ala ndefu ya mbao yenye sauti nzito ambayo watunzi wengi wameipa kazi ya kuchekesha. Alikuwa pia na kundi la watu watatu pamoja na mpiga fidla Jean Pougnet na mpiga piano Wilfrid Parry. Katika miaka yake ya mwisho alianza kuongoza okestra ndogo aliyoiunda mwenyewe. Watunzi nao walipanga foleni: Gordon Jacob, Elisabeth Lutyens, Malcolm Arnold, na Mjerumani Paul Hindemith aliyemwandikia koncheto mwaka 1949.

Kasi hiyo ilihitaji gari, na magari ndiyo yaliyokuwa ugonjwa wake. Inasimuliwa kwamba wakati wa kurekodi koncheto nne za baragumu za Mozart, Novemba 1953, Karajan aliyekuwa akiongoza alisogea karibu na kuangalia kilichokuwa mbele ya mpigaji wake. Hakukuta noti za Mozart. Alikuta jarida la magari, na Brain akiendelea kupiga kwa kichwa bila kasoro huku macho yake yakisoma habari za injini.

Kisa hicho kimepambwa sana na wasimuliaji, lakini rekodi yenyewe ipo, na haihitaji mapambo. Ni vigumu kuisikiliza sehemu ya mwisho ya koncheto ya nne bila kutabasamu. Sauti inaruka kama mtoto anayeruka madimbwi, wala hakuna mahali unapomsikia mpigaji akijihami.

Lipo pia suala la ala yenyewe, ambalo kwa wakati huo lilikuwa zito kuliko linavyoweza kuonekana sasa. Mzee Aubrey alikuwa mtetezi mkubwa wa baragumu la Kifaransa, lenye bomba jembamba na sauti laini, ambalo ni gumu kulitawala. Mabaragumu mapana ya Kijerumani hakuyapenda. Dennis alianza na aina ya baba yake, lililotengenezwa na Raoux wa Paris. Lakini mwaka 1951 alihamia kwenye baragumu la Kijerumani la Alexander, kutoka mji wa Mainz, lililo jepesi kutoa sauti kwa uhakika. Wapenzi wa mtindo wa zamani walisikitika. Aubrey alifariki dunia mwaka 1955. Aliishi kuona mwanawe akishika ala ambayo yeye aliidharau, na akiipigia kwa sauti ambayo bado ilikuwa ya ukoo wa Brain.

Mchora katuni aita watu kucheka

Aliyemwalika Brain na mpira wake alikuwa Gerard Hoffnung, mtu ambaye naye anastahili makala yake peke yake. Alizaliwa Berlin mwaka 1925 katika familia ya Kiyahudi, akafika London akiwa mvulana, akawa mchora katuni. Alichora okestra: wapiga ngoma wanaopika ndani ya ngoma zao, na wapiga ala waliomezwa na ala zao. Yeye mwenyewe alijifunza tuba, lile bomba kubwa kuliko yote, na kwa umbo lake la mviringo watu walisema vimefanana.

Mwaka 1956 Hoffnung aliamua katuni zake zitoke kwenye karatasi na kusimama jukwaani. Ndilo likawa tamasha la Novemba 13. Malcolm Arnold, aliyekuja kupata tuzo ya Oscar kwa muziki wa filamu ya The Bridge on the River Kwai, aliandika utangulizi wa kishindo kwa ajili ya okestra, kinanda, mashine tatu za kufyonza vumbi, mashine moja ya kung'arisha sakafu na bunduki nne. Bunduki ndizo zilizozinyamazisha mashine. Kazi hiyo alimtunukia Rais Hoover, kiongozi wa zamani wa Marekani, kwa sababu tu jina lake ni moja na la kampuni ya mashine za kufyonza vumbi. Donald Swann naye aliichukua simfoni ya Haydn iliyo maarufu kwa mshindo wake wa ghafla, akaijaza mishindo mingine ambayo Haydn hakuiota.

Katikati ya vituko hivyo alisimama Brain. Aliyeongoza okestra wakati wa mpira wa bustani alikuwa Norman Del Mar, ambaye kabla ya kuwa mwongozaji alikuwa mpiga baragumu na aliwahi kuketi ubavuni mwa Brain. Kwa maneno mengine, wawili wale walijua hasa walichokuwa wakikifanya. Mashine za Arnold zilichekesha kwa sababu hazikuwa ala. Mpira wa Brain ulichekesha kwa sababu uligeuka kuwa ala masikioni mwa watu, na hapo kicheko kikachanganyika na mshangao.

Mozart naye alitania

Je, ilikuwa halali kumtania Mozart, baba au mwana? Swali hilo linaulizwa na watu wanaodhani kwamba muziki wa kale uliandikwa na watu waliokunja nyuso. Historia inasema vingine.

Leopold Mozart huyo huyo aliandika simfoni ya uwindaji ambamo hutakiwa milio ya bunduki na kubweka kwa mbwa. Aliandika pia muziki wa safari ya gari la thelujini wenye njuga za farasi. Aliandika kazi kwa ajili ya baragumu la wachungaji wa milimani, ambalo ni gogo refu lililotobolewa, halina vali wala tundu. Mtu aliyelifikiria gogo asingeushangaa sana mpira.

Mwanawe alimzidi. Koncheto za baragumu ambazo Brain alizirekodi ziliandikwa kwa ajili ya rafiki wa familia, Joseph Leutgeb, mpiga baragumu aliyekuwa mkubwa kwa Mozart kwa zaidi ya miaka 20. Mozart hakuacha kumchokoza. Katika koncheto moja ya mwaka 1783 aliandika tangu mwanzo kwamba amemhurumia Leutgeb, akamfananisha na punda na ng'ombe. Katika nyingine alijaza pembeni mwa noti maneno ya Kiitaliano ya kumkejeli, sehemu baada ya sehemu, kadiri mpigaji anavyozidi kuchoka. Muswada wa koncheto ya nne aliuandika kwa wino wa rangi nne, nyekundu, kijani, bluu na nyeusi. Mwaka 1787 alitunga kazi nzima ya mzaha kwa nyuzi na mabaragumu mawili, ambamo mabaragumu yameandikiwa makosa kwa makusudi.

Kwa hiyo mtu anayezipiga koncheto hizo kwa uso wa mazishi ndiye anayewakosea heshima wenyewe. Huenda hii ndiyo siri ya rekodi ya mwaka 1953. Brain hakuleta furaha kutoka nje na kuipaka juu ya Mozart. Aliikuta humo ndani, kwa sababu alikuwa mtu wa kuitambua.

Kutoka Edinburgh

Agosti 1957 Brain alikuwa katika Tamasha la Edinburgh, Scotland. Agosti 24 alitoa onyesho pamoja na kundi lake la ala za kupuliza, likatangazwa na BBC. Walipomaliza, aliwaongezea wasikilizaji kipande kifupi cha Marin Marais, mtunzi wa Kifaransa wa zamani, kiitwacho Le Basque. Ni ngoma ndogo isiyotimia hata dakika mbili, iliyopigwa kwa wepesi unaomfanya msikilizaji asahau kwamba ala inayosikika ni ile inayotisha watu.

Usiku wa Agosti 31 alipiga na Philharmonia, chini ya Eugene Ormandy, simfoni ya sita ya Tchaikovsky, ile ya majonzi. Onyesho lilipokwisha hakulala. Aliingia katika gari lake dogo la michezo aina ya Triumph TR2 na kuanza safari ya kurudi London, mwendo wa zaidi ya kilomita 600, peke yake, usiku kucha. Alfajiri ya Septemba 1, huko Hatfield, karibu na kiwanda cha ndege cha de Havilland, gari liliacha barabara na kugonga mti. Zilikuwa zimebaki kilomita 30 hivi afike London. Alikufa akiwa na umri wa miaka 36, akaacha mke, Yvonne, na watoto wawili.

Siku chache baadaye Philharmonia iliingia studio kurekodi opera ya Richard Strauss iitwayo Capriccio, yenye kipande kirefu cha baragumu karibu na mwisho, kipande ambacho kila mtu alijua kingekuwa chake. Alikipiga Alan Civil, aliyekuwa jirani yake katika okestra na ambaye ndiye aliyerithi kiti.

Francis Poulenc aliandika Élégie ya baragumu na piano kwa kumbukumbu yake mwaka huo huo. Si kazi ya kubembeleza. Inaanza kwa utulivu, kisha inakatwa na mlipuko wa hasira. Britten naye alianza kuandika kazi ya mabaragumu manne na nyuzi kwa ajili ya rafiki yake, lakini hakuimaliza. Juu ya kaburi la Brain, katika makaburi ya Hampstead, yamechongwa maneno kutoka katika koncheto ya Hindemith, yaani shairi ambalo Hindemith aliliweka ndani ya noti ili baragumu lilisome kwa sauti yake bila kutamka neno.

Hoffnung alifanya tamasha la pili mwaka 1958. Mwaka uliofuata naye akafariki ghafla, akiwa na miaka 34. Rekodi ya usiku wa mwaka 1956 iliendelea kuuzwa, na mpira wa bustani ukasikika katika nyumba ambazo pengine hazikuwa na rekodi nyingine yoyote ya Mozart, wa baba wala wa mwana. Katika miaka ya 1960 Donald Swann na mwenzake Michael Flanders waliitia maneno ya kuchekesha sehemu ya mwisho ya koncheto ya nne, wakaifanya wimbo wa mtu aliyepotelewa na baragumu lake. Alan Civil kwa upande wake aliitwa studio mwaka 1966 na vijana wanne wa Liverpool, The Beatles, akawapigia kipande cha baragumu katika wimbo wao For No One. Miaka kumi nyuma, mpiga baragumu mkuu wa Philharmonia kuingia katika wimbo wa vijana lingekuwa jambo la kuulizana. Baada ya mpira wa bustani hapakuwa na mengi ya kuuliza.

Baragumu la Alexander lililokuwamo garini alfajiri ile liliharibika vibaya. Mafundi wa Paxman, watengenezaji wa mabaragumu wa London, walilinyoosha na kulirejeshea umbo lake, likahifadhiwa Royal Academy of Music, chuo ambacho kijana wa miaka 15 aliingia mwaka 1936, baada ya baba yake kuridhika kwamba meno yamekomaa.